Kila mmea hufaulu mtihani huu

Chukua kisahani cha plastiki chenye visima 96, kila kisima kinaingia matone machache tu. Ndani yake mna seli za kinga za panya zilizolala usiku kucha kwenye joto la nyuzi 37. Safu ya kwanza haikuguswa. Safu ya pili ilitiwa kipande cha ukuta wa bakteria. Safu ya tatu ilitangulizwa kemikali iliyotolewa kwenye mmea, ikaachwa saa moja au mbili, ndipo nayo ikatiwa kile kipande cha bakteria. Kesho yake mtafiti anafyonza majimaji ya juu, anayahamishia kisahani kipya na kuongeza kitendanishi cha Griess. Baada ya dakika chache rangi inajitokeza. Safu ya kwanza imebaki nyeupe, ya pili imekolea pinki, na ya tatu ina pinki iliyopauka. Kadiri dozi ya mmea ilivyopanda, ndivyo pinki ilivyozidi kupauka.

Picha hiyo inashawishi, na mimi mwenyewe nimewahi kuikodolea macho kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Mashine inapima mwanga wa nanomita 540, tarakimu zinaingia kwenye grafu, na makala inatoka ikisema kiambata fulani cha mmea kimeonyesha uwezo wa kupunguza inflamesheni, yaani mwako wa kinga ya mwili. Haipiti muda sentensi hiyo unaikuta kwenye lebo ya chupa ya vidonge, ikiwa imeshavuliwa panya, kisahani na dozi.

Wengi hulalamika kwamba watafiti wanatia chumvi. Mimi nadhani kasoro imeanza mapema zaidi, kwenye mtihani wenyewe. Kupausha pinki ile ni kazi nyepesi mno. Idadi ya mimea iliyofaulu haihesabiki, na mtihani unaopitisha karibu kila anayeufanya hautuambii mengi kuhusu aliyepita.

Tuanze na seli zenyewe. Mwaka 1882, huko Messina, Élie Metchnikoff alichoma miiba ya waridi kwenye viluwiluwi vya kiti cha pwani, viumbe wa baharini ambao miili yao inapitisha mwanga. Asubuhi alikuta seli zinazotembea zimeuzunguka mwiba kama watu waliozunguka ajali. Aliziita seli zinazokula, na mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Makrofeji ni seli za ukoo huo. Zinakaa ndani ya tishu, zinameza bakteria na mabaki ya seli zilizokufa, na zikinusa hatari zinapiga mbiu kwa kumwaga kemikali zinazoita seli nyingine.

Mbiu hiyo na yote yanayofuata ndiyo inflamesheni. Kiswahili kimezoea kuiita uvimbe, na neno hilo linatuponza mara mbili. Kwanza, ndilo hilo hilo tunalotumia kwa uvimbe wa saratani. Pili, linataja dalili moja tu kati ya nne alizoziorodhesha Mrumi Celsus karibu miaka elfu mbili iliyopita: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Hizo ni dalili za nje. Kazi yenyewe inafanyika ndani, na mara nyingi inafanyika pasipo chochote kuvimba machoni pa mtu.

Kile kipande cha ukuta wa bakteria ni lipopolisakaridi. Makrofeji ina kipokezi cha kukitambua kiitwacho TLR4. Kundi la Bruce Beutler lilionyesha jambo hilo mwaka 1998, na likamletea sehemu ya Nobel ya 2011. Kipokezi kikishikwa, taarifa inapokezwa kutoka protini moja hadi nyingine mpaka kwenye NF-κB, protini iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore. Seli ikiwa imetulia, NF-κB imefungwa kamba nje ya kiini. Kamba ikikatwa inaingia kiini cha seli na kuwasha jeni za TNF na za interleukini-6, kemikali mbili za kupiga mbiu, na za kimeng'enya kinachotengeneza oksidi ya nitriki. Ni hiyo oksidi, baada ya kugeuka nitriti, inayotoa pinki kwenye kisahani.

Ukiufuata mnyororo huo utaona ni sehemu ngapi zinaweza kukatwa. Kiambata kinaweza kuziba kipokezi, kuzuia kamba isikatwe, kuzuia NF-κB isiingie kiini, au kukibana kimeng'enya. Vilevile kinaweza kukinasa kile kipande cha bakteria kabla hakijaifikia seli, au kuivuruga rangi yenyewe. Na kinaweza kuiua seli. Seli iliyokufa haitoi oksidi ya nitriki.

Watafiti wanalijua hilo, ndiyo maana kila makala huwa na jaribio la pili la kuonyesha kwamba seli zilibaki hai. Lakini kuwa hai si kuwa mzima. Seli iliyobanwa shingo kwa saa 24 bado inaweza kupita kipimo cha uhai, huku imeacha kutengeneza protini mpya za aina yoyote. Kwenye grafu itaonekana imetulia.

Mfano unaonikaa kichwani ni triptolaidi. Inatoka kwenye *Tripterygium wilfordii*, mmea mtambazi ambao Wachina huuita mtambazi wa mungu wa radi, na kwa miaka mingi wameutumia kutibu baridi yabisi ya viungo. Kisahani kinaipenda triptolaidi. Kwa dozi ndogo mno, zinazohesabiwa kwa nanomola, inashusha TNF, inashusha interleukini, inashusha karibu kila kinachopimwa. Kwa muda mrefu zilikuwapo orodha ndefu za njia za inflamesheni ambazo inazikatiza, na kila orodha ilisomeka kama sifa.

Mwaka 2011 ikajulikana inashika nini. Inashika XPB, kipande cha mtambo ambao kila seli ya mwili huutumia kuanza kusoma jeni zake. Ukiusimamisha mtambo huo, protini ambazo seli huhitaji kuzitengeneza upya kila mara, zikiwemo za kupiga mbiu, ndizo zinazokauka kwanza. Saitokini, yaani hizo kemikali za mbiu, zinashuka, naam. Ni kama mtu akate umeme wa jengo zima halafu asifiwe kwa kuzima kengele. Hapo ndipo madhara yaliyokuwa yakionekana kwa watumiaji wa mmea huo, hasa kupungua kwa mbegu za kiume, yanapoacha kushangaza. Leo watafiti wanajaribu umbo la triptolaidi linaloyeyuka majini kama dawa ya saratani, na sioni kejeli yoyote katika hilo. Kemikali ile ile, seli zile zile kwenye kisahani, lakini sasa mtu anajua anachokishika na anaitumia pale ambapo kuua seli ndilo lengo.

Kukumini, ile rangi ya njano ya mzizi wa manjano, ina kisa kirefu zaidi na cha kuchosha zaidi. Mwaka 2017 kundi la wanakemia wa dawa lilipitia ushahidi wake wote na kuandika kwamba pamoja na majaribio zaidi ya 120 ya kitabibu, hapakuwa na hata moja lililofaulu kati ya yale yenye kikundi cha kulinganisha na usiri kwa pande zote mbili, yaani mgonjwa na daktari wote hawajui nani kapewa nini. Kemikali hii ina tabia mbaya maabara. Inang'aa yenyewe chini ya mwanga wa vipimo, inagandamana na protini hovyo, inakamata metali. Katika maji yenye uchachu kama wa damu na joto la mwili, pasipo protini za damu za kuilinda, karibu asilimia 90 yake inasambaratika ndani ya nusu saa. Kwa hiyo mtafiti anayesema ameweka kukumini kwa saa 24 ameweka kukumini kwa muda mfupi na mabaki yake kwa muda uliobaki.

Na kuna hesabu, ambayo yeyote anaweza kuifanya kwa kalamu. Majaribio mengi ya kisahani hutumia kukumini kati ya maikromola 5 na 50. Tuchukue 20. Hiyo ni takriban miligramu 7 kwa kila lita. Kwa lita tano za damu ni kama miligramu 37, kiasi kidogo kuliko kidonge cha kawaida, na mtu atasema basi si tatizo. Tatizo liko kwenye njia. Watu waliomeza gramu 8 kwa siku, zaidi ya mara mia mbili ya kiasi hicho, kwa wastani hawakufikisha hata maikromola 2 kwenye damu. Utumbo hauipitishi vizuri, na kidogo kinachopita kinabebeshwa sukari na salfeti na ini ili kitolewe nje. Makrofeji za mtu huyo hazikuona kamwe dozi iliyopausha ile pinki.

Jibu la wauzaji limekuwa kuchanganya kukumini na piperini ya pilipili manga. Utafiti wa 1998 ulionyesha kuwa miligramu 20 za piperini ziliongeza upatikanaji wa kukumini mwilini kwa asilimia 2000. Takwimu hiyo inapendwa sana kwenye lebo. Isichosema lebo ni kwamba piperini inafanya hivyo kwa kuuzubaisha mfumo ambao ini hutumia kutoa kemikali nyingi za kigeni, dawa zikiwemo. Marekani, mtandao wa wataalamu unaofuatilia ini lililoumizwa na dawa ulieleza wagonjwa 10 ambao maini yao yaliumia kwa vidonge vya manjano. Saba kati yao walikuwa na aina moja ya jeni ya kinga, HLA-B*35:01, na mmoja alifariki. Ni watu wachache kati ya watumiaji wengi, na sitaki kumtisha mtu. Ila neno la asili lilikuwa limeshaahidi kwamba hawangekuwepo kabisa.

Kuhusu panya sitasema mengi, maana lawama hii imezoeleka. Seli zinazotumika zaidi, RAW 264.7, zilitokana na saratani ya panya iliyoletwa na kirusi miaka ya 1970. Makrofeji za binadamu zikiwekwa kwenye kisahani hutoa oksidi ya nitriki kidogo mno, kiasi kwamba ile pinki nisiyochoka kuitaja kwao karibu haipo. Tena binadamu aliyejitolea hupata homa na kutetemeka kwa nanogramu 2 hadi 4 za lipopolisakaridi kwa kilo ya uzito, huku panya wa maabara wakipewa miligramu kwa kilo. Ni tofauti ya karibu mara milioni.

Kinachonisumbua zaidi ya panya ni saa. Rudi kwenye safu ya tatu. Kiambata kilitangulia, bakteria wakafuata. Katika maisha, mtu huenda kutafuta dawa kiungo kikiwa kimeshavimba, NF-κB imeshaingia kiini zamani, na jeni zimeshasomwa. Kuzuia mbiu isipigwe na kuinyamazisha ikiwa inalia ni kazi mbili tofauti, na jaribio la kawaida linapima ile nyepesi. Wapo wanaogeuza mpangilio, wakatia bakteria kwanza na mmea baadaye. Katika makala ninazosoma hao ni wachache, na grafu zao huwa na aibu zaidi.

Sasa, mtu akinisikia hadi hapa atadhani nasema mimea haina kitu. Kolkisini inanikataza kusema hivyo. Wafaransa Pelletier na Caventou waliitenga mwaka 1820 kutoka kwenye jamii ya *Colchicum*, na hadi leo ni dawa ya jongo katika hospitali za dunia nzima. Inashika tubulini, protini ambayo seli huijengea reli za ndani. Nyutrofili, seli za kinga zinazokimbilia kiungo chenye jongo na kukifanya kiwake, haziwezi kwenda bila reli hizo. Jongo husababishwa na fuwele za uriki zinazochoma ndani ya kiungo. Kolkisini haizigusi fuwele, inawachelewesha wanaokuja kupigana nazo.

Reli hizo hizo, lakini, seli huzitumia kugawanyika. Seli za utumbo hugawanyika kila siku, na ndiyo maana dalili ya kwanza ya kuzidisha kolkisini ni kuharisha. Zaidi ya hapo inaua, tena vibaya. Kwa miongo mingi madaktari waliwapa wagonjwa dozi hadi waharishe, kana kwamba kuharisha ni ishara ya kufika. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010 lililinganisha dozi kubwa ya miligramu 4.8 kwa saa sita na ndogo ya miligramu 1.8 kwa saa moja. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 33 kwa dozi kubwa na 38 kwa ndogo, dhidi ya 16 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Walioharisha walikuwa 77 kwa mia kwa dozi kubwa na 23 kwa ndogo. Kemikali iliyokwisha kutengwa kwa miaka 190 ilikuwa bado inatolewa kwa dozi isiyo yake.

Nakaa hapa makusudi, kwa sababu hii ndiyo sura ya kazi ambayo kisahani hakiifanyi: kutafuta dozi, kwa watu, dhidi ya kitu cha kulinganisha. Matokeo yake hayakubali kuwa mazuri kila mara. Mwaka 2020, wagonjwa 5,522 wenye ugonjwa sugu wa mishipa ya moyo walifuatiliwa. Waliomeza nusu miligramu ya kolkisini kwa siku walipatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi na matukio ya namna hiyo kwa asilimia 6.8, wengine 9.6. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaipitisha dozi hiyo kwa moyo. Mwaka uliofuata jaribio kubwa zaidi, la watu 7,062 waliotoka tu kupata mshtuko wa moyo, likaonyesha 9.1 dhidi ya 9.3, yaani hakuna tofauti ya kuzungumzia. Na kwa wagonjwa wa Covid waliolazwa, wengi wao Uingereza, 11,340 kwa jumla, asilimia 21 walifariki katika kila kundi, wapewe kolkisini au wasipewe. Dawa moja, utaratibu mmoja unaoeleweka vizuri, na majibu matatu kutegemea nani anapewa na lini.

Salisini ya gome la mti wa willow ina somo linalofanana, na nitalipita haraka. Iliongoza hadi aspirini, na John Vane alipoeleza mwaka 1971 jinsi aspirini inavyozuia prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea maumivu na inflamesheni, alieleza papo hapo kwa nini inachubua tumbo: prostaglandini hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wake. Faida na madhara yalitoka mlango mmoja.

Nyuma ya haya yote kuna dhana ambayo sijaona lebo ikiihoji, kwamba inflamesheni ni adui na pungufu yake daima ni heri. Dawa zinazozuia TNF zilipoanza kutumika kwa baridi yabisi, wagonjwa wengi walinyanyuka vitini. Mwaka 2001 ikaripotiwa kwamba 70 kati ya waliopewa mojawapo, infliximabu, walikuwa wamepata kifua kikuu. TNF ndiyo inayowasaidia makrofeji kuwajengea boma bakteria waliolala mapafuni. Ukiiondoa, boma linabomoka. Deksamethasoni, dawa ya steroidi ambayo kwenye visahani vya mimea mara nyingi ndiyo kipimo cha kulinganishia, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa Covid waliokuwa kwenye mashine za kupumulia kutoka asilimia 41 hadi 29. Kwa waliokuwa hawahitaji oksijeni, vifo vilikuwa 18 kwa waliopewa na 14 kwa wasiopewa. Wale wa kwanza walikuwa wanaumizwa na kinga yao. Wa pili huenda walikuwa bado wanaihitaji.

Kwa hiyo nikipokea makala mpya yenye safu tatu za pinki, naruka muhtasari na kwenda kwenye sehemu ya mbinu, iliyoandikwa kwa herufi ndogo. Natafuta maikromola ngapi, na kama kiasi hicho kimewahi kuonekana kwenye damu ya mtu. Natafuta kama seli zilipimwa uhai tu, au pia uwezo wake wa kutengeneza protini nyingine zisizohusiana na inflamesheni. Natafuta kama kuna yeyote aliyejaribu kujua kiambata kinashika protini gani. Halafu natafuta ule mstari unaosema seli zilitiwa lipopolisakaridi saa ngapi, na mmea saa ngapi. Mara nyingi mmea ndio umetangulia, na hapo nafunga makala, nachukua inayofuata kwenye rundo.